Kuchagua Bogenvilia ya Kutegemewa: Mwongozo Kamili kwa Bustani za Nyumbani Dar es Salaam

Karibu kila mtaa wa Dar es Salaam una bogenvilia iliyopanda ukutani na kumwaga rangi juu ya geti, na karibu kila mtaa una nyingine iliyojaa majani mabichi na miiba bila ua hata moja, huku mwenyewe akiimwagilia kila jioni kwa matumaini kwamba iko siku itachanua. Mara nyingi tofauti ya mimea hiyo miwili haitokani na bidii ya mtunzaji. Ilianza siku ya ununuzi, mnunuzi aliposimama kwenye kitalu cha kando ya barabara na kuchagua kwa rangi peke yake. Mwongozo huu unafuata mpangilio mwingine: mahali kwanza, kisha kundi na tabia ya mmea, na rangi mwishoni.

Asili ya bogenvilia ni Amerika ya Kusini, hususan Brazili, Peru na Argentina. Mtaalamu wa mimea kutoka Ufaransa, Philibert Commerson, aliikusanya mjini Rio de Janeiro mwaka 1767 akiwa katika safari ya kuzunguka dunia iliyoongozwa na Louis-Antoine de Bougainville, na jina la kiongozi huyo ndilo lililobaki kwenye mmea. Kinachotuvutia si ua lenyewe, bali ni vijani vitatu vya rangi vinavyozunguka viua vyembamba, kwa kawaida vyeupe au vya manjano hafifu. Kwa kuwa ni majani, vijani hivyo hudumu mtini kwa wiki kadhaa, na rangi yake hubadilika kadiri vinavyozeeka. Baadhi ya aina huzeeka vizuri na nyingine vibaya, na jambo hilo halionekani kwenye mche mdogo uliochanua jana.

Hatua ya kwanza: pima mahali kabla ya kwenda kitaluni

Bogenvilia inahitaji jua la moja kwa moja kwa saa sita kwa siku, na zikizidi ni bora zaidi. Ikipata chini ya hapo huishi bila shida, lakini hurefusha matawi kutafuta mwanga na maua hupungua. Njia rahisi ya kupima ni kusimama mahali unapokusudia kupanda saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri, na kuangalia kama kivuli cha mwembe, cha ghorofa ya jirani au cha ukuta wako mwenyewe kinapafikia.

Wengi hufanya kipimo hicho mwezi wa Januari na kudhani kimetosha kwa mwaka mzima. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mapema Oktoba jua la mchana hupita upande wa kaskazini wa anga yetu. Ukuta mrefu unaotazama kusini, ambao Desemba na Januari ulikuwa unawaka jua, hukaa kivulini kwa sehemu kubwa ya mchana katika kipindi cha Juni hadi Septemba, na hicho ndicho kipindi cha ukavu ambacho bogenvilia nyingi hapa huchanua kwa nguvu zaidi. Kama una hiari, panda upande wa ukuta unaotazama kaskazini, mashariki au magharibi. Kama huna hiari, chagua aina ndefu ambayo kichwa chake kitapita juu ya ukuta na kulifuata jua huko.

Baada ya jua, angalia nafasi. Aina kubwa za bogenvilia hufika mita 6 hadi 10 zikipata cha kuegemea, na hazijali kwamba pembeni yake kuna nyaya za umeme, tangi la maji au njia ambayo watoto hupita wakienda shule. Mahali pa kupita watu hapafai aina yenye miiba mirefu hata kama rangi yake imekuvutia namna gani, kwa kuwa utailazimisha kwa mkasi kila mwezi, na mmea unaokatwa kila mwezi hukatwa pamoja na ncha zilizokuwa zinajiandaa kuchanua.

Kuhusu udongo, mmea huu si mgumu kuridhisha, ilimradi maji hayatuami. Mchanga wa Kigamboni na Mbezi Beach unaufaa sana, na udongo mwekundu wa Goba, Kimara na Pugu unaufaa vilevile. Tatizo liko katika maeneo ya mabondeni yenye mfinyanzi mweusi, ambako mizizi huoza wakati wa masika, na kwa kiasi kidogo katika maeneo ya miamba ya matumbawe kama Msasani na Masaki, ambako chokaa nyingi huuzuia mmea kuchukua madini ya chuma, hata majani machanga yakawa ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Hewa ya chumvi inayotoka baharini haiisumbui bogenvilia kama inavyoyasumbua mawaridi, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuipendelea katika jiji hili.

Hatua ya pili: yatambue makundi manne

Majina ya aina za bogenvilia ni mamia, na kwa kweli mnunuzi wa hapa hayahitaji sana, kwa sababu vitalu vyetu vingi huuza kwa rangi bila jina. Anachohitaji ni kutambua kundi, kwa kuwa kundi ndilo linaloamua mmea utakuwa mkubwa kiasi gani, utachanua mara ngapi kwa mwaka, na utafanya nini mvua zikianza. Makundi matatu ni spishi zinazojitegemea, na la nne ni machotara.

Kundi la kwanza ni Bougainvillea glabra. Majani yake ni membamba kiasi na laini, hung'aa na hayana manyoya ya kuhisika kwa vidole; miiba yake ni mifupi na imejikunja kidogo kwenye ncha; vijani vya rangi vina ncha kali kama pembetatu, na mara nyingi ni vya zambarau, wakati mwingine vyeupe. Huchanua kwa mikupuo mingi katika mwaka na haisubiri ukavu mkali. Kwa mtu anayepanda bogenvilia kwa mara ya kwanza, hili ndilo kundi ninalolipendekeza bila kusita, hasa aina iitwayo 'Sanderiana' ya zambarau, ambayo imeenea duniani kote. Wapo wanaoidharau kwa kuwa inaonekana kila mahali. Kuonekana kwake kila mahali ndio ushahidi kwamba haimwangushi mtu.

Kundi la pili ni Bougainvillea spectabilis. Hili lina majani makubwa yenye manyoya, magome mazito na miiba mikubwa iliyopinda. Hukua kwa nguvu nyingi na huchanua kwa kishindo, lakini hufanya hivyo kwa msimu, baada ya kukaushwa na kiangazi, kisha hurudi kuwa kichaka cha kijani kwa miezi. Linafaa sana kwa uzio wa kiwanja kikubwa, ambako miiba yenyewe ni sehemu ya ulinzi, na ambako hakuna atakayelalamika kwamba halina maua mwezi wa Aprili. Kwa ua wa nyumba ya kupanga wenye upana wa hatua chache, ni mzigo.

Kundi la tatu, Bougainvillea peruviana, lina majani membamba, matawi yaliyoachana na vijani vya waridi vilivyokunjamana kidogo. Halichanui vizuri pasipo kupata ukavu wa kutosha, na sioni sababu ya kulitafuta kwa bustani ya pwani.

Kundi la nne, linaloandikwa Bougainvillea × buttiana, ni chotara wa glabra na peruviana. Chanzo chake kinachojulikana ni mmea uliopatikana Cartagena, Kolombia, mwaka 1910 na mama aliyeitwa Butt, ukapelekwa Trinidad na kutoka huko ukasambaa katika nchi za joto kwa jina la 'Mrs Butt'. Majani yake ni mapana yenye umbo la yai au moyo, miiba ni mifupi na iliyonyooka, na vijani vya rangi ni vya mviringo, vilivyojazana katika vishada vikubwa. Rangi nyingi nyekundu, za chungwa na za dhahabu unazoziona mitaani zimetoka katika ukoo huu. Ni mimea mizuri kwa Dar es Salaam, ila huwa mikubwa kuliko mche unavyoashiria, na haivumilii maji yaliyotuama kama glabra inavyojitahidi kuyavumilia.

Wasomaji wanaofuata maelekezo ya nchi za mbali watakuta yakisema kwamba bogenvilia huchanua siku zinapofupika. Kauli hiyo ni kweli huko, lakini hapa tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka haifiki saa moja. Kinachoamua zaidi kwetu ni jua na ukavu, na ndiyo maana vipindi vizuri vya maua ni Januari na Februari, kisha Juni hadi mvua za vuli zinapoanza.

Hatua ya tatu: sasa chagua rangi, ukijua itakavyozeeka

Zambarau ndiyo rangi imara kuliko zote. Hupauka polepole na huendelea kupendeza hata inapopauka. Nyekundu, ambazo wakulima wa nje huziita kwa majina kama 'Barbara Karst' na 'San Diego Red', ni mimea yenye nguvu inayostahili ukuta mrefu, na wekundu wake hugeuka kuwa waridi iliyokolea vijani vinapozeeka. Za chungwa na dhahabu huanza kwa rangi ya kuvutia mno, kisha nyingi hufifia kuelekea waridi hafifu, kiasi kwamba mmea mmoja hubeba rangi mbili kwa wakati mmoja. Anayependa ukuta wa rangi moja safi hataridhika nazo. Nyeupe hupendeza jioni na mbele ya ukuta mweusi au wa matofali, lakini huonyesha kila chembe ya vumbi, kwa hiyo isipandwe kando ya barabara ya udongo.

Ipo aina moja ya ajabu, 'Mary Palmer', iliyopatikana Calcutta, India, mwaka 1949, ambayo hutoa vijani vyeupe na vya waridi iliyokolea kwenye mmea mmoja, wakati mwingine kwenye kishada kimoja, bila kuunganishwa na mtu. Ndugu yake, 'Thimma', ana maua ya namna hiyo hiyo na majani yenye doa la manjano katikati. Hizi mbili ni za kutegemewa, ingawa tawi likitoka lenye rangi moja tu na kukua kuliko mengine, likatwe mapema kabla halijautawala mmea.

Aina zenye vijani vingi vilivyorundikana, mfano 'Mahara', ndizo ninazozionea shaka zaidi kwa mji wetu. Zikiwa mpya hujaza jicho, lakini hazidondoshi vijani vikuukuu. Hubaki mtini vikiwa vya kahawia, na masika yanapofika hushika maji, hulemea matawi na kuoza palepale. Katika mji mkavu zingekuwa na hoja. Hapa zipandwe tu na mtu aliye tayari kuondoa vishada vilivyokufa kwa mkono, tena mara kwa mara.

Kuhusu miche iliyounganishwa kwa rangi tatu au nne juu ya shina moja, ambayo siku hizi hupendwa kama zawadi, inafaa kujua kwamba rangi hizo hazikui kwa kasi sawa. Yenye nguvu zaidi, aghalabu ya zambarau, itazimeza nyingine usipoipunguza kila mara, na machipukizi yanayotoka chini ya kiungo ni ya shina mama, kwa hiyo yang'olewe yangali madogo.

Hatua ya nne: nunua wakati usiofaa

Ushauri huu ndio ninaoupa uzito kuliko mwingine wowote katika mwongozo huu. Wakati wa kiangazi kila bogenvilia iliyo kwenye kiriba huchanua, iwe nzuri au mbaya, kwa sababu mizizi yake imebanwa na maji ni haba. Ukinunua Agosti, kiriba ndicho kilichokuonyesha maua, na ukishauhamishia ardhini mche huo unaweza kukaa muda mrefu ukiota majani tu. Nenda kitaluni kati ya Aprili na Mei, mvua zikiwa zimekolea, uangalie ni miche ipi bado ina rangi. Ile inayochanua katika unyevu, udongo ukiwa umelowa na mawingu yametanda, ndiyo itakayochanua kwako. Vitalu vilivyo kando ya Barabara ya Bagamoyo havifungwi kwa sababu ya mvua, na katika miezi hiyo wanunuzi ni wachache, hivyo muuzaji huwa na muda wa kujibu maswali.

Swali la kwanza la kumwuliza ni kama mmea mama upo na unaweza kuuona. Bogenvilia huzalishwa kwa vipandikizi vya matawi, kwa hiyo mche utafanana na mama yake kwa kila kitu: ukubwa, miiba na mazoea ya kuchanua. Mama aliyekomaa akionekana ukutani kwa jirani wa kitalu, huna haja ya jina la kitaalamu. Usilipe bei ya ziada kwa sababu tu mche umeitwa haibridi, kwa kuwa aina nyingi zinazouzwa ni chotara na sifa hiyo pekee haielezi chochote kuhusu ukubwa wala maua.

Kisha kagua mche wenyewe. Shina liwe gumu na liwe na matawi matatu au zaidi yaliyotoka chini, kwa maana mche wenye tawi moja refu utakuchukua mwaka mzima kuurekebisha. Geuza majani uangalie upande wa chini kama kuna wadudu weupe wanaofanana na pamba au magamba madogo ya kahawia, na uache mche wenye madoa meusi yaliyosambaa. Mwisho, inua kiriba taratibu. Kikikataa kuinuka, mizizi imeshapenya ardhini. Muuzaji akikivuta kwa nguvu, mche huo utanyauka ndani ya wiki moja. Mwombe akate mizizi hiyo kwa kisu, auweke kivulini na kuumwagilia kwa siku kumi, ndipo uuchukue.

Hatua ya tano: kupanda

Panda mvua zinapoanza, ama mwezi wa Machi ama vuli inapoingia, ili mizizi ishike kabla ya ukavu. Mche ulionunuliwa katikati ya masika unaweza kupandwa moja kwa moja kwenye mchanga, lakini kwenye mfinyanzi ni afadhali uusubirishe ndani ya kiriba hadi mvua zipungue. Chimba shimo la sentimita 60 kwa upana na kina, urudishie udongo uliochanganywa na mboji au samadi iliyooza kabisa kwa kiasi cha ndoo moja. Kwenye mfinyanzi, inua tuta la sentimita 30 na upande juu yake. Kwenye matumbawe, panua shimo kadiri sururu itakavyoruhusu na ujaze udongo ulioletwa.

Mizizi ya bogenvilia ni myembamba na hukatika kwa urahisi kuliko ya mimea mingi ya bustani. Usiutikise udongo wala usifumue mizizi. Kata kitako cha kiriba kwanza, ukiweke shimoni, kisha pasua ubavu na kuivuta nailoni taratibu udongo ukiwa umeshajazwa nusu. Mmea hauna vikonyo vya kujishikiza, hivyo uutegemeze tangu siku ya kwanza kwa mti imara au waya uliokazwa ukutani, ukiufunga kwa kitambaa na si kwa waya mtupu.

Hatua ya sita: maji na mbolea

Kwa miezi mitatu ya mwanzo, ndoo ndogo ya lita 10 mara mbili kwa wiki inatosha pale mvua inapokosekana. Baada ya hapo punguza kwa makusudi: ukiwa umepanda ardhini, subiri hadi ncha changa zianze kulegea, ndipo umwagilie kwa wingi mara moja, kisha uache tena. Huu ndio mtihani mgumu kwa mtunza bustani anayelipwa kwa kazi ya kumwagilia, kwa hiyo umweleze sababu, vinginevyo ataendelea. Maji ya kisima yenye chumvi yanavumilika, ingawa mmea wa kwenye chungu usiooshwa na mvua hukusanya chumvi na kuungua kingo za majani.

Samadi ya kuku iliyozidi na mbolea ya urea huleta majani mengi na maua machache. Mboji kidogo mara mbili kwa mwaka inatosha. Ukitaka kuongeza, tumia mbolea yenye potasiamu nyingi kuliko naitrojeni.

Hatua ya saba: kupogolea

Maua hutokea kwenye machipukizi mapya, hivyo kupogolea ni lazima, lakini kwa wakati wake. Pogoa kwa nguvu mwishoni mwa Mei, ukipunguza kila tawi refu kwa theluthi moja na kuondoa yaliyokufa. Machipukizi yatakayotoka yatakomaa katika ukavu wa Juni na Julai, na kwa kawaida rangi huonekana baada ya wiki sita hadi kumi. Baada ya maua ya Januari na Februari, punguza ncha tu. Vaa glavu nene na ulinde macho, kwa maana mikwaruzo ya miiba huwasha ngozi ya watu wengi. Matawi yaliyokatwa yasitupwe njiani. Mwiba uliokauka hupenya kandambili na hutoboa tairi la baiskeli.

Hatua ya nane: kuzalisha uliyoipenda

Ukishapata mmea uliokuthibitishia uzuri wake, au jirani akikuruhusu, kata matawi yaliyokomaa yenye unene wa penseli na urefu wa sentimita 15 hadi 20 kabla ya mvua kuanza. Ondoa majani yote isipokuwa mawili ya juu, uyapunguze nusu, kisha chomeka kipande katika mchanga uliochanganywa na mboji kidogo, mahali penye kivuli chepesi. Vipandikizi hivyo huchukua takriban wiki sita hadi kumi kuota mizizi, na kuota majani si dalili kwamba mizizi ipo, basi usivivute kujaribu. Zambarau huota kwa urahisi.

'Mary Palmer' na baadhi ya nyeupe ni za kubembeleza, na kwa hizo njia bora ni kulaza tawi la chini likiwa bado kwenye mama yake: likwaruze gome kwa upande wa chini, lifukie kwa sentimita 10 za udongo, liwekee jiwe juu lisiinuke, na ulimwagilie kwa miezi mitatu au minne. Fukua kidogo kwa kidole. Ukikuta mizizi myeupe pande zote, kata upande wa mama, lakini uache tawi palepale kwa wiki mbili zaidi kabla ya kulihamishia kwenye kiriba.